Karela ni mboga nzuri, lakini usiitupie tembe zako

Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti katika kikao cha hamasisho kuhusu ugonjwa wa kisukari, mbele ya wakaazi, wahudumu wa afya ya jamii na wauzaji wa mboga. Tunayachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mimi si daktari. Kazi yangu katika ofisi ya habari ni kupokea maswali ya wakaazi, kuyapeleka kwa wenye ujuzi, na kuwarudishia majibu kwa lugha inayoeleweka. Kuna swali ambalo limetufikia kwa kila njia, kwa simu, kwa barua na kwenye makundi ya WhatsApp: "Je, ni kweli karela inaponya kisukari?" Pamoja na swali hilo kuna ujumbe unaotumwa na kutumwa tena, usiokuwa na jina la aliyeuandika. Unasema unywe glasi moja ya maji ya karela kila asubuhi kabla ya kula, na baada ya muda mfupi utaweza kutupa dawa za hospitali.

Leo nataka tuupasue ujumbe huo vipande viwili. Kuna kipande chenye ukweli ndani yake, na kuna kipande kinachoweza kumuua mtu. Ni vizuri kila mmoja wetu ajue kipi ni kipi.

Karela ni nini hasa

Wengi wenu mnaijua. Ni lile tunda la kijani lenye ngozi ya vinundu vinundu, linalofanana na tango lililokunjamana. Kwa hakika ni ndugu wa tango. Lipo katika ukoo mmoja na boga, tikiti maji na mung'unye. Wataalamu wa mimea huliita Momordica charantia. Jina la karela tumelipata kwa majirani zetu wenye asili ya Kihindi, ambao wamelipika katika nyumba zao hapa Pwani kwa vizazi vingi. Leo hupandwa pia na wakulima wa Kenya, kama wale wa Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, na sehemu ya mavuno husafirishwa kwa ndege hadi Uingereza.

Kwa hivyo karela si kitu cha kigeni kilichogunduliwa juzi. Uhindi, China, Sri Lanka, Ufilipino na visiwa vya Karibi watu wameila kama mboga na kuitumia kama dawa ya kienyeji kwa muda mrefu sana.

Kama chakula, sifa zake hazina ubishi. Gramu 100 za karela mbichi zina kalori 17 tu. Wanga wake ni chini ya gramu 4, na karibu gramu 3 kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Ina vitamini C nyingi, takriban miligramu 84 katika gramu hizo 100, ambayo ni zaidi ya ile iliyo katika chungwa la uzito huo huo. Mtu mwenye kisukari anaweza kuila ashibe bila kuiongezea damu yake mzigo wa sukari. Huo ndio ukweli wa kwanza, na nawaomba mama mboga wausikie vizuri: mnauza kitu kizuri.

Je, inashusha sukari?

Hapa twende taratibu. Mtu anapokula ugali, wali, chapati au mahamri, chakula hicho huvunjwa tumboni kuwa sukari inayoitwa glukosi, nayo huingia kwenye damu. Ili itoke kwenye damu iingie katika misuli na viungo vingine, inahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Fikirieni insulini kama ufunguo wa mlango. Katika kisukari aina ya kwanza, kongosho halitengenezi ufunguo tena. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo iliyo kwa watu wengi, ufunguo upo lakini kitasa kimekuwa kizito, na kadiri miaka inavyopita funguo nazo hupungua.

Watafiti wameikagua karela na kukuta ndani yake kemikali kadhaa zenye uwezo wa kugusa mfumo huo. Mojawapo huitwa charantini. Nyingine ni protini ndogo inayofananishwa na insulini. Katika majaribio ya maabara na ya wanyama, vitu hivyo vimeonekana kushusha sukari. Hapo ndipo ujumbe wa WhatsApp ulipookota kipande chake cha ukweli.

Lakini panya wa maabara si mzee wetu. Mwaka 2011 watafiti wa Thailand walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watu wenye kisukari aina ya pili kwa muda wa wiki nne. Baadhi walipewa karela iliyokaushwa, kwa viwango tofauti, na wengine walipewa metformin, ambayo ni ile tembe ambayo wengi wenu mnapewa kliniki. Waliopata karela miligramu 2,000 kwa siku sukari yao ilishuka kidogo. Waliopata metformin miligramu 1,000 kwa siku ilishuka zaidi. Mwaka uliofuata, 2012, kundi la kimataifa la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba, lilipitia majaribio manne yenye jumla ya watu 479. Hakuna jaribio lililozidi miezi mitatu. Uamuzi wao ulikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kupendekeza karela kama tiba ya kisukari.

Kwa maneno ya sokoni: inaweza kusaidia kidogo, haijathibitishwa kuponya, na imeshindwa na tembe iliyowekwa kando yake. Kisukari ni ugonjwa wa miaka. Kitu kilichopimwa kwa wiki nne au miezi mitatu hakiwezi kukupa ahadi ya kulinda macho na figo zako kwa miaka ishirini.

"Kichungu hukata sukari"

Kuna imani nataka niiguse kwa heshima, maana hata nyumbani kwetu ilikuwapo. Ni ile ya kusema kwamba kwa kuwa sukari ni tamu, basi kila kitu kichungu huikata: karela, mwarobaini, mshubiri, mnavu. Inasikika kama hesabu nzuri, lakini damu haiendi hivyo. Uchungu ni jambo la ulimi. Kahawa ya tangawizi isiyo na sukari ni chungu na haiponyi kisukari. Ugali hauna utamu wowote mdomoni, lakini nusu saa baadaye umekuwa glukosi kwenye damu. Ladha haitupi habari ya kile kinachotokea ndani, kipimo ndicho hutupa.

Basi kwa nini kuna watu wanaoapa kwamba karela imewaponya? Sidhani wanasema uongo. Mara nyingi mtu anayeanza kunywa karela huwa amestuka. Wiki hiyo hiyo anaacha soda, anapunguza vijiko vya sukari kwenye chai, anaanza kutembea jioni, anakula mapema. Sukari ikishuka, sifa zote anapewa karela, na yale mengine aliyoyafanya kwa jasho lake anayasahau. Tena kuna wengine ambao sukari haikushuka kabisa, ila wanajisikia vizuri. Kisukari kina ujanja huo. Kinaweza kukaa juu kwa muda mrefu bila kuuma, huku kikiharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu. Kujisikia vizuri hakutoshi kuwa ushahidi.

Hatari iko wapi

Sasa nifike kwenye kipande kinachoua. Hatari ya kwanza ni kuacha dawa. Mwenye kisukari aina ya kwanza, na miongoni mwao wamo watoto na vijana, akikosa insulini kwa siku chache tu damu yake hujaa asidi, anaanza kutapika, anapumua kwa kasi, na anaweza kupoteza maisha. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipoanza kutumiwa kwa binadamu huko Toronto nchini Kanada, mtoto aliyepata ugonjwa huu hakuwa na tumaini. Karela ilikuwapo wakati huo wote, na haikuwaokoa. Mzazi mwenye mtoto wa insulini asikubali kushawishiwa na mtu yeyote, awe jirani, mganga au kiongozi wa dini.

Kwa mwenye aina ya pili, madhara huja polepole, lakini yanakuja. Wazee wetu walituambia, usiache mbachao kwa msala upitao. Tembe zako ni mbachao. Umezizoea, zinapimwa, daktari anazijua. Usizitupe kwa ajili ya msala uliopita kwenye simu.

Hatari ya pili ni kinyume chake, yaani kuchanganya. Chukulieni mzee anayemeza glibenclamide au anayejidunga insulini. Anaamka, anameza dawa yake, anashushia glasi kubwa ya maji ya karela, kisha anachelewa kula kwa sababu ameambiwa anywe tumbo likiwa tupu. Dawa inashusha, karela nayo pengine inashusha, na chakula hakipo. Sukari inaweza kuanguka chini ya 4. Anatetemeka, anatoka jasho jembamba, moyo unaenda mbio, anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Watu wa nyumbani wanaweza kudhani amelewa au ana mashetani, na wakati unapotea.

Mkiona dalili hizo kwa mtu mwenye kisukari, na bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpeni mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari ndani ya maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subirini dakika 15, mpimeni tena kama kipimo kipo. Ikiwa bado iko chini, rudieni. Akipata nafuu, apewe chakula. Akiwa amepoteza fahamu, msimtie kitu chochote mdomoni, maana kitaingia kwenye mapafu. Mlazeni kwa ubavu na mumkimbize hospitalini.

Hatari ya tatu ni kwa watu ambao hawapaswi kuinywa kama dawa kabisa. Wa kwanza ni mama mjamzito au anayetafuta mimba, kwa kuwa kuna viambato vya karela vilivyoonekana kuharibu mimba katika majaribio ya wanyama. Wa pili ni mtoto mdogo. Imeripotiwa katika majarida ya udaktari kwamba watoto waliopewa chai ya karela tumboni pakiwa patupu waliwahi kuzimia kwa kushukiwa na sukari. Wa tatu ni mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Hali hii ni ya kurithi, na ipo kwa wingi katika sehemu zilizokaliwa na malaria kwa karne nyingi, Pwani yetu ikiwa mojawapo. Mbegu za karela zina kemikali iitwayo vaisini, ambayo huhofiwa kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wa namna hiyo. Mtu aliyewahi kuambiwa hospitalini kwamba ana upungufu huo, asile mbegu hizo. Mwisho ni anayengoja kufanyiwa upasuaji. Amwambie daktari wake mapema kila kitu anachotumia.

Na kuna wale wanaouza unga wa karela kwenye chupa zisizo na maandishi, au zilizoandikwa "inatibu kisukari siku 30". Hujui ndani mna nini wala kiasi gani. Dawa halali nchini husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Mkikutana na chupa hizo, ulizeni mfamasia au ofisi ya afya ya kaunti ndogo kabla ya kutoa pesa zenu.

Basi tuile namna gani?

Tuile kama mboga, mezani, pamoja na chakula. Hapo ndipo faida yake ilipo, na hakuna haja ya kuiogopa.

Chagueni karela ya kijani, ngumu, isiyoanza kuwa ya manjano. Ikianza kuiva inalainika na kupasuka. Ikwangueni vinundu kidogo, ipasueni katikati, mtoe mbegu na ule utando mweupe, kisha mkate vipande vyembamba. Nyunyizeni chumvi, mwache kwa nusu saa, halafu mzioshe vizuri na kuzikamua. Uchungu mwingi utatoka na maji. Msisahau kuosha, maana wengi wenye kisukari wana presha pia, na chumvi ikibaki itawadhuru.

Kisha kaangeni vitunguu kwa mafuta kidogo, mtie nyanya, kitunguu saumu na manjano, halafu karela, mfunike kwa moto mdogo. Mwishoni tieni ndimu au maji ya ukwaju, ambayo hupunguza uchungu bila sukari. Wengine huizamisha kwenye mafuta mengi au kuitilia sukari guru. Ukifanya hivyo umeondoa faida uliyoitafuta.

Halafu tuangalie sahani nzima, kwa sababu karela kidogo pembeni ya mlima wa sima haifui dafu. Wataalamu wa lishe wanatufundisha kugawa sahani hivi: nusu iwe mboga, robo iwe chakula cha wanga kama ugali, wali, muhogo au chapati, na robo iliyobaki iwe samaki, maharagwe, kunde, mbaazi, kuku au mayai. Na ile nusu ya mboga si lazima iwe karela. Mchicha, sukuma wiki, kisamvu, mnavu, bamia, kabeji na biringani zinafanya kazi hiyo hiyo ya kushibisha bila kupandisha sukari sana. Asiyeipenda karela asijitese. Ale mchicha wake kwa amani.

Kwa wanaotaka kupanda, karela ni mmea unaotambaa na unapenda joto, kwa hivyo hali yetu ya hewa unaikubali. Usimamishieni vichanja vya miti au waya ili matunda yaning'inie yasiguse udongo. Kwa kawaida mavuno huanza baada ya takriban miezi miwili. Adui mkubwa ni nzi wa matunda. Chumeni mapema, na yaliyooza myafukie. Maafisa wa kilimo katika wadi zenu watawaelekeza.

Kipimo kwanza

Ndugu zangu, tatizo letu kubwa si kwamba hatuna karela. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba Wakenya wazima karibu 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Tunabishana kuhusu dawa ya ugonjwa ambao wengi wetu hatujui kama tunao.

Dalili ni kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, uchovu, kupungua uzito bila sababu, kuona ukungu, ganzi miguuni na vidonda vinavyokataa kupona. Lakini wengi wenye aina ya pili hawana dalili yoyote kwa miaka. Mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, mwenye uzito mkubwa, mwenye presha, mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, na mama aliyepata sukari akiwa na mimba, wasingoje dalili.

Sukari ikipimwa asubuhi kabla ya kula na ikafika 7.0 au zaidi, hiyo ni ishara ya kisukari, na itathibitishwa kwa kipimo kingine. Kuna pia kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita. Yule anayesema karela imemponya, huo ndio ushahidi wa kumwomba.

Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine za kupima sukari na presha. Wapo hapa leo, na ndio wanaopita vijijini mwenu. Wapokeeni. Na ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, abonyeze *147# kwenye simu yake au amwombe mhudumu amsaidie.

Ya kwenda nayo nyumbani

Kwanza, karela ni mboga nzuri kwa kila mtu mzima asiye na sababu ya kuiepuka. Ipikeni, mle na chakula.

Pili, haijathibitishwa kuponya kisukari. Msiache insulini wala tembe kwa ajili yake.

Tatu, anayetumia dawa na anataka kunywa maji ya karela amwambie daktari au muuguzi wake kwanza, bila kuona haya. Hawatamfokea. Wanahitaji kujua ili wapange dawa yake vizuri na apimwe mara kwa mara.

Nne, mjamzito asiinywe, na mtoto asipewe, kama dawa.

Tano, ujumbe ukija kwenye simu ukisema "tupa dawa zako", usiutume kwa mwingine. Upeleke kituo cha afya, au uutume kwetu ofisi ya habari, tutauuliza kwa niaba yako na kukupa jibu.

Wahudumu wameshatayarisha mashine pale kwenye meza iliyo chini ya mwembe. Wazee watangulie, na akina mama wenye watoto mgongoni wafuate. Kupimwa ni bure na hakuchukui hata dakika mbili.